Muhogo Wenye Damu ya Mbuzi

Hapo zamani, tena si zamani sana maana simu zilikuwepo, ugonjwa uliingia kwenye mihogo ya kijiji cha Nambwelu. Ukichimba, unakuta mizizi imeoza yote. Watoto wakawa wanalala njaa.

Akaja mtaalamu mmoja, Chilumba. Alimwomba Bi Somoe, mama wa pale kijijini, mbuzi wake wa pekee, akamdunga mbuzi huyo majimaji ya mihogo iliyougua. Damu ya mbuzi ikatengeneza kingamwili, yaani askari wa kuukabili ugonjwa ule. Chilumba akaichukua siri ya askari hao, akaipandikiza kwenye mihogo. Mbuzi akafa. Likaota shina moja tu, na kiangazi kikaingia. Jirani wa Somoe, Mkwachu, akalibebea maji kutoka bondeni miezi minane.

Muhogo ukastawi. Lakini jamani! Ukilishika shina, lina joto kama shavu la mtoto mwenye homa. Inzi weupe, wale wanaoeneza ugonjwa, wakitua tu, wanadondoka. Somoe akipita hapo alikuwa anageuza uso.

Sasa, kwa mila ya Nambwelu hakuna anayegusa pingili za kupanda, vile vipande vya shina, mpaka mwenye mbegu akate ya kwanza. Siku ikafika, kijiji kizima kikakusanyika.

"Mbegu ni yangu," alisema Chilumba. "Bila mimi, mbuzi angebaki mbuzi."

"Na kiangazi kile muhogo ungeunywesha nini, hiyo elimu yako?" Mkwachu alimjia juu. "Tazama mgongo ulivyopinda kwa ndoo!"

"Nyie mlitoa jasho," alisema Somoe. "Mbuzi wangu alitoa roho. Wanangu walikunywa maziwa yake."

Wakampisha. Somoe akashika panga, akaligusa shina.

Shina likalia. Meee! Sauti ileile aliyoizoea zizini. Panga likamtoka mkononi, machozi yakambubujika.

"Basi ni wako, mama," Chilumba alisema haraka huku akirudi nyuma. "Mimi nilipandikiza tu."

"Mimi je? Nilimwagilia tu," alisema Mkwachu.

"Mimi nilitoa mbuzi, sikutoa muhogo!" Somoe alilia. "Nimchinje mara ya pili?"

Mvua za kupandia zilikuwa zinaishia. Mgongoni mwa Somoe, binti yake hakuwa na nguvu hata ya kulia. Na panga liko chini, watu wote wanalitazama.

Haya, msiniinamishie vichwa. Kati ya hao watatu, nani alistahili kuliokota?