Mshika Kamera Hayumo Pichani

Mshika kamera hayumo pichani. Mmeingia nayo humu ndani mkicheka, mmeiokota kwenye simu kama watoto wanavyookota vizibo vya soda, na mlipoona sicheki mkauliza imetoka wapi. Haya. Zilazeni hizo simu kifudifudi kwanza. Methali hii ilizaliwa Ujiji, na siku ilipozaliwa hakuna aliyecheka.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mwavita, mke wa Marjani, fundi baiskeli. Marjani alikufa ghafla, akamwacha hana mtoto, ana mama mkwe tu, Bi. Mauwa, mzee wa watu mwenye pumu. Nyumba waliyokaa ilikuwa mali ya ukoo. Baada ya matanga, Kasongo, kaka mkubwa wa marehemu, alisema mbele ya wazee kwamba Mwavita akimaliza eda yake kwa heshima atabaki humo humo amtunze mama. Hayo maneno "kwa heshima" aliyatia mkazo, na Mwavita aliyasikia. Hakuwa na pengine pa kwenda. Wazazi wake walikwisha kutangulia, na kaka yake wa Uvinza alikuwa na mke ambaye mgeni akifika tu huanza kumuuliza ataondoka lini.

Basi akaishika eda. Ninyi vijana wa leo mnaisikia tu: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Mwavita hakufika hata barazani. Nguo alifulia uani akaanika uani, na muuza dagaa akipita alisubiri mtoto wa jirani amchukulie. Aliitaka nyumba ile, tena aliitaka kwa haki, kwa kuwa miaka yote ya ndoa yake aliifagia yeye, na nusu ya mabati yake aliyapandisha Marjani kwa mikono yake.

Sasa, Bi. Mauwa alikuwa na dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta. Kasongo ndiye aliyemletea, na alipenda watu wajue kwamba ndiye anayemletea. Mwezi ule akapitiwa. Ikatokea asubuhi moja mtaa mzima umekwenda arusini Gungu, watoto na wakubwa, na ndani ya nyumba wamebaki mjane na bibi kizee. Kifua cha Bi. Mauwa kikaanza kupiga mluzi. Akaitikisa dawa, ikawa tupu.

"Nenda wewe, mwanangu," akasema.

"Mama, niko eda."

"Mungu anaona. Nenda, nakufa."

Mwavita akachungulia njiani asione mtu wa kumtuma. Akajitanda mtandio mpaka machoni, akatoka mbio. Duka la dawa lilikuwa kando ya soko. Akanunua, akaifumbata dawa kiganjani, akageuka arudi. Hapo ndipo alipokutana na Feruzi.

Feruzi alikuwa kijana aliyejipatia jina kwa kuwarekodi wapita njia. Humsimamisha mtu, humuuliza swali la kumchokoza, kisha jibu hulitupa mtandaoni watu wakacheka. Wengi walimfokea, wengine walimkimbiza, na yeye kwa wakali alikuwa na elimu yake, akawafundisha na wenzake. Mtu akikukasirikia, usishushe simu. Usirudishe tusi. Mwite mama, mwite mzee, sauti yako iwe laini kama ya mwana aliyelelewa vizuri, mwache yeye apayuke. "Mkali ndiye mtaji," alikuwa akisema. Na kweli, tangu aijue elimu hiyo, hakuna aliyewahi kumshinda.

Akamsogelea Mwavita, simu mbele.

"Mama, samahani kidogo. Ukipewa milioni tano sasa hivi, utamwacha mumeo?"

Mwavita alisimama kama aliyepigwa kofi. Vitambaa vya Marjani vya kufutia grisi vilikuwa bado vinaning'inia nyuma ya mlango. Hakuwa na moyo wa kuvitoa. Hata hivyo alijikaza, akajibu taratibu, kwa adabu zake zote.

"Mwanangu, mume wangu amekufa. Mimi niko eda. Nyumbani nimemwacha mama mkwe anabanwa na pumu, kanituma hii dawa." Akafungua kiganja amwoneshe. "Nakuomba usinipige picha."

Yakumbukeni maneno hayo, wanangu, maana hakuna atakayeyasikia tena.

Feruzi aliyasikia. Alikuwa karibu naye kuliko mimi nilivyo karibu nanyi. Mtu mwingine angeona haya akashusha mkono. Yeye aliona mjane, akaona machozi yanakuja, akajua amepata kitu.

"Pole sana, mama yangu. Basi neno moja tu kwa wajane wenzako."

Mwavita akapinda kulia, simu ikapinda kulia. Akapinda kushoto, nayo ipo. Akamwomba tena, akamwomba na mara ya tatu. Watu wakaanza kusimama. Mmoja akasema mwache mama wa watu. Mwingine, aliyekuwa anakula muwa, akasema si ajibu tu, maswali yenyewe ni ya kuchangamsha soko.

"Hapa ni mahali pa watu wote, mama," Feruzi akasema kwa upole. "Sijavunja sheria yoyote."

Na hakuivunja. Hilo ndilo linalouma zaidi.

Mwavita akaukumbuka ule mluzi wa kifua. Akaipiga simu kwa kiganja kitupu. Simu haikuanguka. Kilichoanguka ni mtandio, na nywele zake ambazo hazijachanwa tangu msiba zikabaki wazi mbele ya soko zima. Hapo yakamtoka matusi ambayo mwenyewe hakujua kwamba anayo, akamtukana Feruzi, akamtukana na mama aliyemzaa.

"Mama, mbona unanipiga?" Feruzi akasema, sauti laini kama alivyowafundisha wenzake. "Mimi nimekuuliza tu."

Soko likaangua kicheko. Mwavita akaokota mtandio akakimbia. Alipofika, Bi. Mauwa alikuwa ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi. Akavuta dawa, akavuta tena, mpaka pumzi ikamrudia. Akaushika mkono wa mkwewe akaubusu.

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema. Hilo nalo likumbukeni.

Alasiri video ilikuwa imeenea. Ilianzia pale kiganja kinapopiga simu. Kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Mtazamaji aliona kijana mpole akishambuliwa na mwanamke kichwa wazi mwenye mdomo mchafu, basi. Watu wakacheka Ujiji, wakacheka Mwanza, wakacheka mpaka huko ambako Ujiji wanaisikia tu redioni. Kisha mmoja akaandika chini yake: Huyu si mjane wa Marjani? Kwani eda imeisha lini? Mwavita hakuwa na simu ya kuonea hayo. Kasongo alikuwa nayo.

Kikao kikaitwa Ijumaa baada ya sala. Walikaa sebuleni Kasongo, wazee wawili wa ukoo, na Maalimu Songoro aliyemwozesha Mwavita. Bi. Mauwa aliwekewa mkeka pembeni. Mwavita mwenyewe alikaa nyuma ya pazia, kwa kuwa mwanamke wa eda haonwi na wanaume wasio maharimu wake. Na huku amefichwa kwa heshima hiyo yote, simu ya Kasongo ilikuwa inapita mkono kwa mkono, kila mwanaume akimtazama kichwa wazi, anatukana. Mwavita alijisikia mwenyewe akipayuka mara nne, mara moja kwa kila mtazamaji.

"Nilisema kwa heshima," Kasongo akaanza. "Sasa hii ndiyo heshima?"

Maalimu alikuwa mtu wa haki. Akainua mkono. "Kasongo, eda si kifungo. Mwenye dharura hutoka, na Mungu hamkatazi. Mwavita, mwanangu, ulitoka kwa nini?"

"Mama alibanwa, Maalimu. Dawa iliisha."

Kasongo akageukia pazia kama amechomwa. "Dawa ya mama naleta mimi. Haijawahi kuisha hata siku moja. Mnataka kusema namwacha mama yangu afe?"

Muuza dawa alikwisha kuulizwa, akasema wanawake waliojitanda huja wengi dukani kwake, atamjuaje mmoja. Basi Mwavita akasema, na sauti yake ilitoka na matumaini:

"Muiteni huyo kijana. Mwanzoni nilimweleza kila kitu, na simu ilikuwa usoni pangu. Aioneshe tangu mwanzo, mtasikia wenyewe."

Wazee wakaona ni haki. Feruzi akafuatwa, akaja, akavua viatu mlangoni, akasema shikamooni kwa sauti ile ile laini. Maalimu akamwambia wanataka kuona mwanzo.

"Mwanzo niliukata, Maalimu. Watu hawana muda wa mwanzo, wanapita. Nikaufuta, simu ilikuwa imejaa."

"Lakini wewe ulikuwapo. Mama huyu alikwambia nini kabla hajakupiga?"

Feruzi akatazama chini. Alikumbuka kila neno, hata ile dawa kwenye kiganja. Lakini kusema mbele ya maalimu na wazee kwamba alielezwa kuna mjane wa eda na mgonjwa anayekata pumzi, naye bado akamzibia njia, kungekuwa kujivua nguo. Maisha yake yote alijua kuwasimamisha wengine mbele ya kamera. Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya chochote.

"Sikumbuki vizuri," akasema. "Kulikuwa na kelele."

Maalimu akageukia mkeka.

"Bi. Mauwa, wewe ndiye umebaki. Ulimtuma?"

Bi. Mauwa alimtazama mwanawe. Kasongo naye alimtazama, na jicho lake lilisema yote. Marjani alikuwa kaburini. Huyu ndiye aliyebaki wa kumlisha na wa kumzika. Akisema alimtuma, amewaambia wazee kwamba mwanawe alimsahau. Kifua kikambana, akaingiza mkono kwenye pindo la kanga akatoa dawa, ile ile iliyotoka sokoni kwenye kiganja cha Mwavita, akavuta. Wote wakamsubiri.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nimelala," akasema.

Wazee wawili wakatikisa vichwa. Maalimu akafumba macho, maana alijua amesikia uongo, lakini hakuwa na cha kuushikia. Kasongo akaanza kutoa uamuzi wake, Mwavita akamkatiza. Hakupandisha sauti.

"Msijichoshe, shemeji, nitaondoka. Ila niwaambie. Humo ndani ya simu mmeniona mimi peke yangu, kwa hiyo kosa ni langu peke yangu. Aliyenituma hayumo. Aliyesahau dawa hayumo. Na huyo kijana aliyenizibia njia ndiye hayumo kabisa, ni mkono wake tu unaotikisika. Sikulaumuni. Mshika kamera hayumo pichani."

Asubuhi yake akafunga mizigo akamalizie eda Uvinza, kwa wifi asiyependa wageni. Vile vitambaa vya grisi alivichukua. Mlangoni Bi. Mauwa alimshika pindo la kanga akilia, na Mwavita akamwachisha vidole kimoja kimoja, bila kumuumiza.

Maneno yake hayakuondoka naye. Maalimu aliyasema msikitini, wanawake wakayachukua kisimani, na mwaka haukuisha Ujiji nzima ikawa inasema hivyo. Bi. Mauwa aliungama alipokuwa kitandani, siku za mwisho, alipokuwa hana tena wa kumwogopa. Maalimu akatuma mtu Uvinza kumwomba Mwavita arudi, nyumba ni yake, ameonekana hana kosa. Mwavita akarudisha jibu fupi: waitwe kwanza wote walioitazama ile video, waambiwe na wao. Mjumbe akaenda kumuuliza Feruzi walikuwa watu wangapi. Feruzi akasema hawahesabiki, na wengine wanaitazama mpaka leo.

Mwavita hakurudi.

Na mnamjua Feruzi, hata kama hamlijui jina lake. Yule wa kwenye simu zenu, ambaye sura yake hamjawahi kuiona, ambaye watu wakimwambia nawe jioneshe basi, hujibu kwa ile sauti yake laini, nanyi mkaanguka kwa kicheko. Maneno anayojibu aliyasikia akiwa amesimama sebuleni kwa watu, miguu mitupu, macho chini, yakitoka nyuma ya pazia. Ameyafanya mzaha wake. Hata hayo alimchukulia.

Sasa mnaweza kuinua simu zenu. Atakapoyasema tena mtayasikia tofauti: mshika kamera hayumo pichani.