Mama Paka na Uzi wa Bi Kijoli

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni karibu, tegeni masikio.

— Tumesogea, tumetega!

Hapo zamani za kale, watu na wanyama wakisema lugha moja, Mama Paka aliishi kwa Bi Kijoli, mshona kofia. Alikuwa na mwana mmoja tu, jina lake Chaurembo.

Siku moja Bi Kijoli alikwenda kisimani. Kofia aliiacha mkekani, na uzi umetungwa kwenye sindano. Chaurembo akauchezea uzi. Akauvuta, akautafuna, akaumeza.

Mama Paka alipoingia, alimkuta mwanawe anatoka udenda, uzi unaning'inia mdomoni.

"Jamani, njooni! Mwanangu anakufa!"

Kuku akaja. Mbuzi akaja. Bata akaja mwisho, akiyumba.

"Usivute, mama!" Bata akasema. "Huenda mna sindano ndani. Mfunge kwenye kanga, tumkimbize kwa Nungunungu, mganga wetu. Si mbali."

Kuku akacheka. "Wewe Bata, jifunze kutembea kwanza, ndipo utufundishe uganga!"

"Vuta, shoga," Mbuzi akasema. "Mama gani anamtazama tu mwanawe akikabwa?"

Neno hilo lilimchoma Mama Paka. Akaushika uzi.

Akavuta mara ya kwanza. Chaurembo akalia:

"Mama, mama, niachie,
tumboni panachoma."

"Muache!" Bata akasihi. "Mbebe, twende!"

"Vuta!" wakasema Kuku na Mbuzi.

Akavuta mara ya pili. Chaurembo akalia, sauti imepungua:

"Mama, mama, niachie..."

"Mama, nakuomba," Bata akasema.

"Vuta!" wakasema Kuku na Mbuzi.

Akavuta mara ya tatu. Uzi ukatoka. Kuku akapiga mbawa, Mbuzi akarukaruka. "Umetoka! Si tulikwambia?"

Uzi ulitoka. Sindano haikutoka.

Chaurembo hakulia tena.

Mama Paka akamlamba masikio, akamlamba macho. "Amka, baba. Nimeshautoa. Amka unyonye."

Bata alikuwa ameshaleta kanga ya kumbebea. Wakamfunika nayo. Kuku akatazama pembeni.

Tangu siku hiyo, paka akiona uzi chini huurukia, huupiga kwa kucha, huuburura mbali na wanawe. Watu hucheka, husema anacheza.

Basi, wanangu, mpendwa wako akiumia, usikimbilie kutenda kwa kuogopa maneno ya watu. Mtulize, mfunike, mpeleke kwa anayejua. Mapenzi peke yake hayatibu.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, lakini aibebe taratibu.

— Tumeibeba!