Kiboko na Daftari la Ardhi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na ofisi zao na mihuri yao, Kiboko alikuwa mtunza daftari la ardhi. Kila kiwanja cha nchi ile kiliandikwa humo, na daftari lilikuwa mali ya wote. Lakini Kiboko alilikalia. Aliyetaka kulitazama alilipa ada: kikapu cha majani mabichi kwa kuuliza, viwili kwa kutafutiwa, na vitatu kwa kila ukurasa.

Basi Mama Digidigi akafiwa na mumewe. Arubaini haijaisha, Nyati akaja kichakani kwake, akapiga kwato chini, puu, akadai kwamba kichaka kile ni malisho yake, na mjane ahame kabla ya siku ya gulio.

Mama Digidigi alijua marehemu alikiandikisha kichaka. Akakata majani kwa vimeno vyake vidogo, akajaza kikapu, akaenda ofisini.

Kiboko akala majani, nyafu nyafu, akasema swali limepokelewa, sasa alete viwili vya kutafutiwa. Akaleta. Kiboko akala vile vile, akasema ukurasa umeonekana, ila ada yake imepanda, ni vikapu sita. Na gulio lilikuwa kesho yake. Mama Digidigi alitoka pale, akaketi kando ya njia, akalia.

Hapo ndipo jirani yake, Nguchiro, alipomkuta. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kichaka chako si kinapakana na bwawa la Kiboko?"

"Kinapakana."

"Basi nenda nyumbani, dada. Usikate hata jani moja."

Nguchiro akafika kwa Kiboko, akamwamkia kwa adabu. Akamweleza, kwa sauti ya masikitiko, kwamba huko nje wanyama wananong'ona: eti lile bwawa si lake, daftarini limeandikwa la Mamba. Kiboko akavimba. Akaapa kwamba kesho gulioni atausoma mstari wake mbele ya wote.

"Mzee, ukisoma mstari mmoja watasema umeficha mingine," akasema Nguchiro. "Soma ukurasa mzima, tena kwa sauti."

Asubuhi gulio likajaa. Kiboko akafungua daftari, akakohoa, akasoma: "Bwawa la mtoni, la Kiboko." Akawatazama wenzake kwa majivuno, akaendelea. "Kichaka kinachopakana na bwawa, hadi kwenye kichuguu chekundu, cha Digidigi na mkewe, na watoto wao baada yao."

Nyati, aliyekuja kumfukuza mjane, akainamisha pembe, akajipenyeza katikati ya umati, akaenda zake. Mama Digidigi alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, ya kwanza tangu msiba.

Kiboko akatanabahi. "Na ada yangu ya ukurasa?"

"Kamdai aliyetaka usomwe," Nguchiro akamjibu. "Nadhani ni wewe, mzee."

Gulio zima likacheka. Tangu siku ile daftari likawekwa wazi juu ya jiwe bapa, kila mwenye macho asome.

Yangu yameishia hapo, wajukuu zangu. Nanyi shikeni neno hili: cha wote hakifungiwi tumboni mwa mmoja.