Zimwi Lisilopokea Mzigo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe unayechokoachokoa moto, tulia, majivu yanaingia kwenye viazi. Atakayenikatiza atalala bila kujua nani aliliwa na nani alipona.

Hapo kale palikuwa na kijiji mlimani. Kutoka pale, njia ndefu ilipita juu mgongoni mwa milima mpaka kwenye jiwe la mababu. Kila baada ya mavuno, ndugu wawili walichaguliwa kupeleka huko kibuyu cha pombe ya tambiko. Mwaka huo walichaguliwa Nakiete na mdogo wake wa kiume, Mbonea.

Kibuyu kile kilikuwa na mwiko wake. Hakigusi ardhi kabla ya kufika. Na anayekibeba, mikono yake haibanduki mpaka mwingine amwambie, "Nipe nikupokee." Basi walipokezana hivyo njia nzima.

Aliyefika jiweni alirudi na heshima, akaketi barazani na wakubwa. Aliyerudia njiani, mmh! Kijiji kizima kilimpokea kwa wimbo:

"Karudi, karudi, mlima umemkataa!"

Mbonea aliuogopa wimbo ule kuliko chui.

Siku ya kuondoka mama yao aliwaambia, "Wanangu, mvua ya mawe ikiwakuta huko juu, msishindane na mlima. Shikeni kijia cha wachunga mbuzi, mteremke. Jiwe halikimbii."

"Tumesikia, mama," akasema Nakiete.

Mbonea alikuwa keshashika njia.

Basi wakatembea, wakalala mapangoni, wakatembea tena. Siku moja, mchana kweupe, ukungu ukashuka, pwaa! Radi ikapasua. Mvua ya mawe ikaanza kumwagika, kila punje kama njugumawe, na njia ikageuka mto wa matope.

Walikuwa wamefika pale kinapoanzia kijia cha wachunga mbuzi. Nakiete, kibuyu kifuani, akasema, "Mdogo wangu, tushuke."

"Nishuke niimbiwe mimi? Thubutu!"

Ndipo sauti ikatoka ukunguni: "Bado kidogo! Kazeni mwendo, mmekaribia!"

Wakatazama. Juu ya mwamba alisimama mzee aliyejifunika ngozi kubwa ya ng'ombe, kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo.

"Shikamoo, babu," wakasema.

"Marahaba. Bado kidogo! Kazeni mwendo, mmekaribia!" Akapotea.

"Umesikia?" Mbonea akasema, akatangulia mbio. Nakiete angefanyaje? Akamfuata.

Wakaenda, wakaenda. Baridi ikawaingia mifupani. Mbonea akateleza, mguu mmoja ukaning'inia kwenye korongo, akashika shina la mti na kujivuta. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mbonea, turudi. Utakufa."

Sauti ikatoka ukunguni: "Bado kidogo! Kazeni mwendo, mmekaribia!"

Ni mzee yule yule. Akawatazama, akameza mate, akapotea. Mbonea akainuka, akamfuata huku anachechemea.

Lakini moyo wa Nakiete ulikuwa umeshtuka. Akajisemea, "Mzee gani huyu? Katuona tumelowa chapachapa, hakusema pole. Kaona mzigo, hakusema nipe nikupokee." Nanyi wajukuu zangu mnajua, kwetu hata uliyegombana naye jana, akikukuta na mzigo njiani, atakupokea kwanza, ugomvi baadaye. Nakiete akasema moyoni, "Huyu si mtu."

Akakaza mwendo. Akamwona mdogo wake. Mbele palikuwa na mdomo wa pango, mweusi tii. Mzee yule alikuwa amesimama hapo, na Mbonea alikuwa anamwendea huku anatetemeka.

"Bado kidogo, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Ingia ndani, kuna moto."

"Mbonea, simama hapo hapo!" Nakiete akapiga kelele. "Usipige hatua! Akiwa mtu, atanipokea mzigo."

Mbonea akasimama. Akamtazama dada yake, akamtazama mzee. Kumbe hata yeye jambo hilo lilikuwa likimkera, ila hakutaka kulikubali.

"Babu," akasema, "mpokee dada mzigo, nasi tutaingia."

Mzee akacheka. "Ah! Mzigo wa nini? Ingieni kwanza."

"Mpokee, babu."

"Mgongo unaniuma, mwanangu."

Mbonea akarudi nyuma hatua moja. "Mpokee."

Mzee aliona nyama inamponyoka. Udenda ukamtoka. Akaona heri akipokee kibuyu, kisha akitupe chini, awadake wote wawili.

"Haya, haya!" akasema. "Nipe nikupokee!"

Alipotoa mikono nje ya ngozi, lo! Kucha kama miundu, manyoya mpaka kwenye viwiko! Zimwi! Nakiete hakukimbia. Alimwekea kibuyu mikononi, akamshika mdogo wake mkono.

Zimwi likataka kukitupa. Mikono haikubanduka. Likavuta, likang'ata, likanguruma mpaka mawe yakaporomoka. Haikubanduka.

"Mbonea, mbio!"

Wakateremka, wakaanguka, wakainuka. Nyuma yao zimwi lililia:

"Niambieni nipe! Niambieni nipe! Niambieni nipe!"

Nani angeliambia? Wakashika kijia cha wachunga mbuzi, wakashuka mpaka ukungu ukabaki juu yao.

Wakafika nyumbani bila kibuyu, Mbonea akiegemea fimbo aliyoiokota njiani. Watoto walipowaona tu, wakaanza: "Karudi, karudi..." Wakubwa nao wakaitikia. Mbonea akainamisha kichwa.

Mama yao akapita katikati ya watu wale. Mzigo wa kupokea haukuwepo. Akamshika Mbonea fimbo yake ya kutembelea, iliyojaa matope, akasema, "Pole, mwanangu. Nipe nikupokee."

Mbonea akalia pale pale, mbele ya watu wote. Wimbo ukakatika.

Kiangazi kilipoingia walikwenda tena, wao wawili na wazee, wakafika jiweni na kibuyu kipya. Penye mdomo wa pango walikuta mwamba mrefu, wenye kucha kama miundu, umekumbatia kibuyu, na chini yake mifupa ya wasafiri wa zamani. Walikuwa wengi, wote watu ambao hawakutaka kuimbiwa. Wazee walisimama pale, wakainamisha vichwa.

Tangu siku ile wimbo ule haujaimbwa kijijini. Na Mbonea, mpaka uzeeni, kila mvua ya mawe iliponyesha juu, alitoka na kusimama chini ya kijia cha wachunga mbuzi. Akimwona anayeshuka amelowa, hakumuuliza amefika wapi. Alinyoosha mikono yote miwili: "Pole. Nipe nikupokee."

Hadithi yangu imeishia hapo, atakayeitaka zaidi akachote maji kwanza. Ila mshike hili: mlima ukichafuka, teremka, utaupanda siku nyingine. Na anayerudi, mpokeeni mzigo. Msimpokee kwa wimbo.