Bi Kindi Aliyekwenda Kutoa

Hapo kale, wanangu, enzi ambazo wanyama nao walikuwa na nyumba za kupanga na foleni za kugombania, palikuwa na mtambo kando ya mto. Ulikuwa gurudumu la mti. Maji yaliuzungusha, nao ukapanda karanga, ukamwagilia na kuvuna, kwacha-kwacha, bila mtu kuushika. Kila kikapu ulichoweka kilikuzalia kingine kila msimu. Huo haukuwa utapeli, mtambo ulifanya kazi kweli. Utapeli ulikuwa mlangoni pa ghala la mavuno.

Mlangoni walikaa Fisi na Kiboko, walinzi wenye matumbo makubwa. Ukija kuweka, ulikaribishwa kabla hujapiga hodi. Ukija kuchukua faida, Fisi alikuambia kwa upole kwamba karanga zako bado zinakua, usizikatishe, subiri msimu mmoja tu. Ulisubiri. Mlango ukifungwa, wao wawili walitafuna.

Bi Kindi aliweka vikapu viwili. Baada ya misimu mitatu faida yake ilifika vikapu sita, na nyumbani watoto wake wanne walikuwa wanashindia uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Aliumia sana kuwaona. Jirani yake Kobe alimshauri aache faida izae faida. Bi Kindi akamjibu kwamba watoto wake hawawezi kutafuna msimu ujao. Akaamua: mtaji ubaki, faida itoke.

Lakini atapitaje? Akaikumbuka sheria ya ghala: ruhusa ya mlinzi ikishatamkwa mbele ya wanachama, yaani wote walioweka karanga, hairudi nyuma.

Siku ya mkutano, wanachama wamejaa uani, Bi Kindi akaingia na watoto wake wakisukuma mkokoteni wenye vikapu sita vilivyofunikwa kanga. Walisukuma huku wakihema, kana kwamba mzigo unawaua. Fisi akamuuliza shida yake.

"Nimekuja kutoa, Bwana Fisi."

Fisi akavitazama vile vikapu. Akili yake ikakimbilia kwenye kutoa michango, kutoa sadaka, kutoa zawadi kwa walinzi maskini. Mate yakamjaa mdomoni.

"Mmemsikia?" akawaambia wanachama. "Huyu ndiye mwenzetu. Ingia utoe, Bi Kindi. Utoe mpaka umalize vikapu vyote, na asikuzuie mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Bi Kindi akaingia ghalani, akaondoa kanga. Vikapu vilikuwa vitupu! Chwaaa, karanga zikamiminika katika cha kwanza. Watoto wakakipokea, naye akashika cha pili. Kiboko alipoona mambo yanakwenda kinyume, akaziba mlango kwa kiwiliwili chake chote. Fisi akauliza kwa ukali anafanya nini.

"Natoa," akasema Bi Kindi. "Umesema nitoe mpaka nimalize vikapu vyote. Bado vitano."

Wanachama wote uani wakasimama. Kila mmoja alikuwa ameisikia ile ruhusa kwa masikio yake. Fisi akamvuta Kiboko pembeni.

Vikapu sita vikatoka, kimoja baada ya kingine, viwili vya mtaji vikabaki ndani. Bi Kindi akajifunga kanga yake kiunoni na kuusukuma mkokoteni, safari hii mzito kwelikweli, akiimba, huku nyuma yake Swala, Nguruwe na Kanga wakipanga foleni na kusema kwa sauti moja kwamba nao wamekuja kutoa.

Basi, wanangu, faida huwa yako siku inapoingia kikapuni mwako.