Mbwa Aliyemtii Mwenye Koti

Mtu mmoja, Mbonea, alikuwa na mbwa aliyeheshimiwa kuliko yeye mwenyewe. Alimwita Usinizoee, akamweka mlangoni pa zizi la mbuzi aliowalea kwa ajili ya mahari ya mwanawe, Elisifa. Alimfundisha kanuni moja: asimpishe mtu ila mwenye koti la Mbonea, lililokolea jasho na moshi, naye atamke neno la siri. Uso si hoja. Nyuso, alisema Mbonea, hufanana. "Hata mimi nikija bila koti, aning'ate," alijigamba kila penye pombe, na watu wakamwona mtu makini.

Asubuhi ya harusi ya mpwawe alisimama nje ya uzio, amevaa koti jipya, akimngoja mkewe, Nakijwa, amalize kujifunga kilemba. Akapita mchuuzi mwenye mabeseni kichwani, mmoja wa wale wanaobadilisha vyombo kwa nguo kuukuu. Koti la zamani lilikuwa limeanikwa uzioni. Mchuuzi akalishika, akalitoa kasoro, kisha shingo upande akatoa beseni jekundu. Mbonea akajiona amempunja mwenzake, na furaha ikamlainisha.

Mchuuzi akamtazama mbwa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee wangu, siku hizi kuna wezi wanaoiba maneno ya siri ya watu. Hebu ninong'oneze lako, nikupimie kama lina nguvu."

Mbonea, ambaye hakuwahi kumwambia hata mkewe, akainama, akanong'ona. Mchuuzi akalisifu mno: neno gumu, neno la mtu mzima, asithubutu kulibadilisha.

Walirudi alasiri, Nakijwa na beseni la pilau kichwani. Zizi lilikuwa wazi, tupu. Usinizoee alijilaza mlangoni kwa utulivu wa mtumishi aliyetimiza wajibu; jirani alikuwa amemwona akimsindikiza mwenye koti na mbuzi wote hadi njia panda, akitikisa mkia. Mbonea alipokaribia, mbwa akainuka, akamngurumia. Mbonea akatamka neno la siri. Akalitamka kwa ukali, akalitamka kwa kubembeleza, hata mtaa mzima ukalijua. Mbwa akanusa koti jipya, akaling'ata pindo. Mbonea akaparamia uzio, akaketi huko juu akimwita mnyama yule msaliti, mla bure, asiye na shukrani.

Nakijwa akatua beseni. "Baba Elisifa, usimtukane mbwa wa watu. Uliyemwagiza ampishe ni Mbonea, na Mbonea keshapita na mbuzi wake."

Nanyi mnaomcheka aliye juu ya uzio: yule aliyewapigia simu jana kwa adabu, akaomba namba ya siri ya kadi yenu ya benki ili aihakiki, alikuwa amebeba beseni la rangi gani?