Nani Alimfikishia Mzazi Damu?

Sogeeni karibu, nina mtihani. Majibu hayako nyuma ya kitabu, kwa hiyo msijisumbue kupekua.

Mbeya palikuwa na ofisi iliyotunza mfumo wa kompyuta wa akiba ya damu. Ukihitaji damu, mfumo unakuambia iko kwenye jokofu la hospitali gani, dereva anawasha gari. Msimamizi alikuwa Subilaga, mama mwenye moyo mzuri na sauti ya kutisha. Chini yake walikuwepo watatu.

Tumpe alikuwa na vidole vyepesi, na uongo ulimshinda hata ule wa kujiokoa. Lusajo alikuwa mzito wa kuamua, lakini akishaamua humsogezi. Ambakisye alikuwa msumbufu tu. Kila Ijumaa aliwalazimisha wenzake wajifanye mfumo umekufa, kisha waufufue kutoka kwenye nakala ya akiba. Walimchoka hadi wakambatiza Mzee wa Matanga.

Asubuhi moja, Ambakisye akiwa likizo kwao Kyela, simu ya ofisi ililia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mbali.

"Nina mzazi hapa, amejifungua na anavuja damu. Anahitaji kundi O hasi. Mbona mfumo wenu unaonyesha hospitali zote hazina kitu?"

Subilaga aliigeukia ofisi. "Tumevamiwa na wadukuzi!" alisema. "Chomoeni mtandao!" Ofisi nzima ikaanza kukimbizana na nyaya, na wangeweza kukimbizana nazo mpaka jioni.

Tumpe akasimama.

"Bosi, hakuna aliyetuvamia. Ni mimi. Nilidhani niko kwenye mfumo wa majaribio, nimefuta kumbukumbu za kweli."

Hakuna aliyekuwa amemshuku. Angeinama kutafuta nyaya kama wenzake, na nani angejua? Lakini alieleza alichokifanya, amri kwa amri, mpaka kila mtu akaelewa pa kushika. Subilaga alitamani kumzaba kibao. Badala yake akauliza, "Nakala ipo?"

Ilikuwepo. Na sikilizeni vizuri kwa nini ilikuwepo. Ijumaa moja miezi ya nyuma, kwenye yale matanga yake, Ambakisye aligundua kwamba nakala waliyokuwa wakiitegemea ilikuwa tupu. Alipiga kelele mpaka ikatengenezwa, na watu wakamnunia. Leo mikono ilijua njia yenyewe, hakuna aliyeuliza kinachofuata. Ambakisye wakati huo alikuwa shambani anakata ndizi, simu ameiacha ndani.

Mfumo ukarudi. Damu ya O hasi ikaonekana sehemu mbili tu: hospitali ya kaskazini, karibu na zahanati, na ya kusini, mbali zaidi. Gari la zahanati lilikuwa moja.

"Dada, mikono yake imeanza kuwa ya baridi," muuguzi alisema kwenye simu, sasa analia.

"Gari liende kaskazini!" Subilaga akafoka.

"Hapana," alisema Lusajo.

"Lusajo, mtu anakufa!"

"Nakala ni ya alfajiri, bosi. Kilichotumika baada ya hapo hakimo. Niache nipige simu kwanza."

Subilaga alimshika bega amtoe kwenye kiti. Hakusogea. Simu ya kaskazini iliita, ikaita, na kila ilipoita Subilaga alizidi kumchukia kijana huyu. Hatimaye ikapokelewa.

"Chupa hiyo? Tumeshamwekea majeruhi wa bodaboda asubuhi hii."

Lusajo akapiga kusini. Ipo. Gari likashika njia ya kusini, na Subilaga akaondoa mkono begani kwa Lusajo. Kama angesikilizwa, dereva angefika kwenye jokofu tupu.

Mzazi alipona. Mtoto wake sasa anatambaa na kula udongo kama watoto wengine.

Wiki moja baada ya simu ile, mkurugenzi alimwita Subilaga. "Timu inahitaji kiongozi. Niletee jina moja. Na ujue, utakayemteua ndiye wenzake watakayemwiga."

Subilaga alikaa na kalamu, akaogopa kuliko siku ile ya simu. Amwandike Tumpe? Aliyebomoa ndiye apewe cheo! Lakini akimpita, atakayekosea kesho atainama kutafuta nyaya. Ambakisye? Hakuwepo hata kidogo, alikuwa na ndizi zake. Lakini akimpita, nani tena atakubali kuchukiwa kila Ijumaa kwa ajili ya balaa ambalo halijatokea? Basi Lusajo. Huyo alimkatalia bosi wake huku mzazi anakata roho, na kama chupa ya kaskazini ingekuwepo na mzazi akafa simu ikiita, leo angeitwa muuaji. Lakini akimpita, siku nyingine Subilaga akifoka upuuzi, wote watatii.

Ondoa mmoja, yeyote kati yao, na yule mtoto anatambaa bila mama.

Mkurugenzi anagonga mlango. Karatasi bado nyeupe. Haya, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu Tumpe aliposimama, shika kalamu ya Subilaga. Unaandika jina la nani, na wale wawili utawaambia nini?